Maji Hufuata Chumvi: Mhadhara Kuhusu Upitaji wa Vitu Katika Utando wa Seli

Waheshimiwa walimu, wanafunzi na wazazi mliofika,

Mkulima wa zabibu hapa Dodoma anayemwagilia shamba lake kwa maji ya kisima chenye chumvi nyingi huweza kuona majani yakinyauka ilhali udongo wa shinani bado umelowa. Maji yapo, lakini mmea hauyapati. Sababu yake imo katika seli za mizizi, na hasa katika utando unaoizunguka kila seli. Utando huo una unene wa nanomita 7 hadi 8 hivi, kiasi kwamba zingehitajika tando zaidi ya laki moja zilizopangwa pamoja ili kufikia milimita moja.

Mwaka 1925, wanasayansi Gorter na Grendel wa Uholanzi walieleza kwamba utando huo una matabaka mawili ya molekuli za mafuta. Oksijeni na kabonidayoksaidi hupenya mafuta hayo bila shida, zikitoka palipo nyingi kwenda palipo chache, na seli haigharimiki chochote. Maji nayo hupita, ila kwa wingi hupitia vijia maalumu vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo ugunduzi wake ulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Maji huelekea upande ambao vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi, na mwendo huo ndio osmosisi. Chumvi ya udongo ikizidi ile iliyomo ndani ya mizizi, mzizi hushindwa kuyavuta maji, hata ukimwagiliwa asubuhi na jioni.

Ioni za sodiamu na potasiamu zina chaji ya umeme, kwa hiyo mafuta ya utando huzizuia kabisa. Hizi ndizo zinazonivutia kuliko vitu vingine vyote, kwa kuwa hapa seli hulazimika kufanya kazi. Mwaka 1957 Jens Skou wa Denmark, akichunguza neva za kaa, alibaini kimeng'enya ambacho leo tunakijua kuwa ni pampu: kwa kila molekuli moja ya ATP, yaani kibeba nishati cha seli, inayotumika, hutoa nje ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu. Kwa kuwa pampu haipumzishwi, sodiamu ndani ya seli hubaki kidogo wakati wote, na ile ya nje huwa na msukumo wa kutaka kuingia.

Msukumo huo ndio unaookoa watoto wanaoharisha. Katika utumbo mwembamba ipo protini inayopitisha sodiamu, iliyomo katika chumvi, na glukosi, aina ya sukari, kwa pamoja, jambo ambalo mwanabiokemia Robert Crane alilipendekeza mjini Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu huzifanya seli za utumbo zimwage kloridi, sehemu nyingine ya chumvi, na maji huifuata nje. Lakini sumu hiyo haiifungi njia ile ya sodiamu na glukosi. Ndiyo maana mgonjwa akinywa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, vyote viwili huingia pamoja, na maji huvifuata mwilini ijapokuwa kuhara hakujakoma.

Nawasihi akina mama na wahudumu wa afya mlioko hapa mzingatie vipimo. Mchanganyiko uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF mwaka 2002 una gramu 2.6 za chumvi ya kawaida na gramu 13.5 za glukosi kwa lita moja ya maji, pamoja na chumvi nyingine mbili, na ukolezi wake ulipunguzwa makusudi kuliko ule wa awali. Anayeimimina pakiti ya lita moja katika nusu lita, akidhani anaipa dawa nguvu, huufanya utumbo uwe na vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko damu, na osmosisi ileile inayounyima maji mzabibu huyatoa maji mwilini mwa mtoto na kuyarudisha tumboni, naye huzidi kuhara.