Gawio linatoka wapi? Mhadhara kwa wanaotaka kununua hisa za reli

Mabibi na mabwana, ahsanteni kwa kuja. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili, na leo nalirudia, kwa sababu wiki haipiti kabla mtu hajanijia na simu mkononi, kidole kwenye mstari mmoja: "Mwalimu, kampuni hii ya reli inatoa gawio kila mwaka. Ninunue?" Namuuliza, gawio hilo, yaani hela anayogawiwa mwenye hisa, linatoka wapi? Ananyamaza. Anajua asilimia, anajua na tarehe ya malipo, ila chanzo cha hela hakijui.

Hisa ni nini mnajua, sitapoteza muda hapo. Nianze na Pennsylvania Railroad ya Marekani. Kampuni hii ililipa gawio kila mwaka kwa zaidi ya miaka 100. Vita vilipita, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukapita, gawio likatoka tu. Mwezi Februari 1968 ikaungana na hasimu wake wa siku nyingi, New York Central, ikazaliwa Penn Central. Tarehe 21 Juni 1970 Penn Central ikakimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Hesabuni wenyewe: miaka miwili na miezi minne! Hadi siku hiyo Marekani haikuwa imeona kampuni kubwa kama ile ikifilisika.

Ndani kulikuwa na nini? Kompyuta za kampuni mbili hazikuelewana. Mabehewa yakapotelea yadini. Mteja anapiga simu kuulizia mzigo wake, hakuna wa kumjibu. Njia ilikuwa imechoka, treni zikalazimika kwenda taratibu. Katikati ya hayo yote gawio likaendelea kulipwa, huku kampuni ikikopa, tena mikopo ya muda mfupi. Mwanahisa aliyepokea hundi yake mwaka 1968 aliamini treni ndiyo iliyomlipa. Waliomlipa walikuwa wakopeshaji, na walikuja kudai chao kabla yake.

Najua kuna anayesema moyoni, "Mwalimu, hayo ni ya zamani, siku hizi kuna wakaguzi." Haya, twende Uingereza. Mwaka 1996 serikali iliuza kwa umma hisa za Railtrack, kampuni iliyomiliki njia, ishara na stesheni. Hisa moja iliuzwa peni 380. Mwaka 1998 ikapita pauni 17. Kila mtu alishangilia. Tarehe 17 Oktoba 2000, karibu na mji wa Hatfield, reli ikapasuka chini ya treni ya abiria. Watu 4 wakafa.

Nataka muione ile reli. Ufa wa namna ile huanza juu ya chuma, upande wa ndani, pale gurudumu linapokandamiza kwenye kona. Mwanzoni ni mwembamba kama unywele. Kila treni inayopita inauzamisha kidogo. Siku ile chuma kilivunjika vipande zaidi ya 300. Na la kuumiza zaidi, tatizo lilikuwa linajulikana. Reli ya kubadilishia ilikuwa imeshapatikana, ila haijafungwa.

Baada ya hapo treni zikawekewa mipaka ya mwendo katika sehemu zaidi ya 1,200 nchi nzima, kwa sababu kampuni haikujua nyufa nyingine ziko wapi. Mwezi Mei 2001 ikatangaza hasara ya pauni milioni 534. Na gawio? Ikalipa pauni milioni 137! Tena wakati ule ule ilikuwa ikipokea fedha za serikali. Oktoba mwaka huo huo ikawekwa chini ya msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Mniwie radhi nikipandisha sauti, lakini hizo namba mbili zilikuwa wazi kwa kila aliyetaka kusoma.

Basi ripoti ya mwaka isomwe hivi. Ruka picha za treni machweo. Nenda kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, ile inayoonyesha fedha zilizoingia na zilizotoka. Chukua fedha zilizotokana na uendeshaji, toa zilizotumika kwenye njia, injini na mabehewa, halafu tazama kilichobaki kama kinatosha gawio. Kisipotosha, shuka kwenye mikopo mipya, jibu utalikuta pale.

Kisha tazama uchakavu, yaani gharama ya kuchakaa kwa mali inayoandikwa vitabuni kila mwaka, na hapa ndipo wengi wanapotea. Reli iliyolazwa miaka 30 iliyopita inaandikwa vitabuni kwa bei ya miaka 30 iliyopita. Siku ya kuibadilisha, chuma, mataruma na kokoto vitanunuliwa kwa bei ya siku hiyo. Kwa hiyo faida inayoandikwa ni kubwa kuliko iliyopo. Kampuni ya reli inayojitunza hutumia kwenye mali zake zaidi ya uchakavu inaouandika. Ukikuta inatumia pungufu mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, ujue unagawiwa njia yenyewe, kipande kwa kipande.

"Lakini Warren Buffett alinunua reli!" Naam, kampuni ya mwekezaji huyo tajiri wa Marekani ilikamilisha ununuzi wa BNSF, kampuni ya reli ya mizigo ya huko huko, mwaka 2010. Iliinunua yote. Kampuni yake ndiyo inayoamua kiasi gani kirudi kwenye njia, na haina haja ya kuuza kesho bei ikishuka. Wewe mwenye hisa 200 huamui lolote. Na Buffett huyo huyo aliwaandikia wanahisa wake kwamba uchakavu wa vitabuni hautoshi kuitunza reli.

Mwingine atanitajia uwiano wa gharama za uendeshaji kwa mapato, kwamba ukishuka ni neema. Ukishuka kwa sababu treni zimepangwa vizuri, sawa. Lakini hushuka pia ukipunguza mafundi wa ukaguzi. Tarehe 3 Februari 2023 treni ya Norfolk Southern iliacha reli East Palestine, Ohio, baada ya beringi ya gurudumu la behewa moja kupata moto. Mwaka uliofuata kampuni ikakubali kulipa dola milioni 600 kumaliza kesi moja tu ya wakazi.

Naona naonyeshwa saa. Tofauti ya abiria na shehena, kwa ufupi: nauli ya abiria mara nyingi ina mkono wa serikali, na MTR, kampuni ya reli ya abiria ya Hong Kong, hutegemea sana majengo yaliyo juu ya stesheni, kwa hiyo usiisome kama reli tupu. Kampuni inayobeba makaa ya mawe kwa wingi, uliza itabeba nini yakipungua. George Hudson, tajiri wa reli wa Uingereza wa miaka ya 1840, aliyekuwa akilipa gawio kutoka kwenye mtaji, tutamwacha hadi siku nyingine.

Aliyekuja na ripoti ya kampuni anayoitaka asiondoke. Asogee hapa mbele, tufungue ukurasa wa mtiririko wa fedha tuusome naye.