Pikipiki ya lami na porini: namna ya kuipatia plaki, vinyeti na bima mjini Lubumbashi

Ndugu watazamaji, karibuni. Pikipiki mnayoiona mbele ya kamera sikuiosha kwa makusudi, kwa sababu vumbi hili jekundu la njia ya Kipushi ndilo linaloeleza kazi yake: siku za juma hunipeleka kazini kwenye lami, na Jumamosi hunipeleka kwenye vijia vya porini. Wengi hudhani kwamba pikipiki ya namna hii haihitaji plaki (kibao cha namba), vinyeti (stika ya kodi ya kila mwaka) wala bima kwa kuwa ni ya porini. Hata hivyo, kutoka nyumbani kwako Katuba au Ruashi hadi pale kijia cha kwanza kinapoanzia, unapita kwenye barabara ya umma, na huko sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, yaani kanuni za barabarani, inakuhusu sawasawa na mwenye lori.

Tuanze na fremu kabla ya kwenda ofisi yoyote. Geuzeni usukani upande wa kushoto kabisa, kisha futeni vumbi hapa, upande wa kulia wa shingo ya fremu, mahali ambapo mhimili wa usukani unaingia. Kwa pikipiki nyingi, namba ya fremu imegongwa papa hapa, na ile ya injini imegongwa chini, kwenye ganda la injini. Pigeni picha namba zote mbili, halafu muziandike kwa mkono, herufi moja baada ya nyingine. Namba ya fremu yenye alama 17 haitumii kamwe herufi I, O wala Q. Kwa hiyo kitu kinachoonekana kama O ni sifuri, na kinachoonekana kama I ni moja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu lilinipata mimi mwenyewe: katika karatasi za pikipiki yangu ya kwanza, mtu aliandika herufi B mahali pa tarakimu 8, nami nikatia sahihi bila kulinganisha. Nilizunguka majuma mengi nikitafuta marekebisho, huku pikipiki ikiwa imefungiwa uani.

Baada ya hapo, linganisheni namba hizo na karatasi za forodha. Pikipiki nyingi zinazouzwa hapa mjini zimeshuka kwenye bandari ya Dar es Salaam, zikavuka Zambia na kuingia kwetu Kongo kwenye mpaka wa Kasumbalesa, ambako DGDA, idara ya forodha, hutoza ushuru. Mkinunua dukani, dai ankara pamoja na hati ya forodha. Mkinunua kwa mtu, dai pia karte roze (kadi ya usajili wa pikipiki) iliyo katika jina lake na mkataba wa mauzo uliotiwa sahihi na pande zote mbili. Muuzaji akisema kwamba karatasi atazileta kesho, na pesa nazo zingoje kesho.

Hatua inayofuata ni kuitayarisha pikipiki kwa ukaguzi wa ufundi. Angalieni taa ya mbele na ya nyuma, taa ya breki (ibonyezeni kwa mkono, kisha kwa mguu, kwa maana swichi ni mbili), honi, vioo vya pembeni na kipima mwendo. Wapenzi wa porini huvivua vioo na taa za kuashiria ili visivunjike wakianguka. Hayo ni mambo ya uwanja wa mashindano, na pikipiki iliyovuliwa hivyo haifai kurudi barabarani. Angalieni pia ubavu wa tairi. Tairi yenye meno makubwa ikiwa imeandikwa NHS, maana yake mtengenezaji mwenyewe ameikataza barabara ya umma. Chagueni tairi ya meno iliyoidhinishwa kwa lami, hata kama inashika tope kidogo kuliko ile nyingine.

Kwa plaki na karte roze, idara ni DGI, yaani idara ya kodi ya taifa. Kwa vinyeti ya kila mwaka, idara ni ya mapato ya mkoa wetu wa Haut-Katanga, yaani DRHKAT. Sitakaa sana hapa. Lipeni benki, tunzeni stakabadhi, na kabla ya kuondoka dirishani someni tena namba ya fremu kwenye karte roze. Kumbukeni pia kwamba leseni ya kuendesha gari haikupi ruhusa ya pikipiki: leseni yako iwe na kategoria A.

Sasa tufike kwenye bima, na hapa naomba utulivu wenu. Asiransi, yaani bima, ya madhara kwa wengine ni ya lazima nchini mwetu tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973. Kwa miaka mingi SONAS, shirika la bima la serikali, peke yake ndiyo iliyoiuza. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua soko, na leo kuna makampuni ya binafsi yanayosimamiwa na ARCA, mamlaka ya usimamizi wa bima. Hakikisheni kwamba kampuni mnayoichagua ina kibali cha ARCA.

Asiransi hiyo ya lazima humlipa mtu uliyemgonga. Haikutengenezei pikipiki yako, wala haikutibu mguu wako uliovunjika mtoni. Kwa mpanda porini, hilo ndilo pengo kubwa, kwa sababu mara nyingi tunaanguka peke yetu. Kwa hiyo ulizeni kuhusu bima ya ajali ya dereva mwenyewe, inayouzwa peke yake. Ulizeni pia, na jibu liandikwe: je, mkataba unaendelea kufanya kazi nje ya barabara ya umma? Je, abiria wa nyuma yumo? Mashindano kwa kawaida hutengwa. Na semeni ukweli kuhusu matumizi: ukiandikisha matumizi ya binafsi kisha ukafanya kazi ya manseba (teksi ya pikipiki), unaipa kampuni sababu ya kukataa kulipa siku ya ajali. Anayevuka kwenda Zambia aombe Kadi ya Njano ya COMESA (bima inayotambuliwa ng'ambo ya mpaka), na akumbuke kwamba huko wanaendesha upande wa kushoto.

Mimi huandikisha bima baada ya kupata plaki, ili namba ya plaki na ya fremu zikae pamoja kwenye cheti. Mpaka siku hiyo, pikipiki isafirishwe juu ya gari.

Karatasi hizi hazifungui kila kijia. Njia nyingi kuelekea Likasi zinapita ndani ya makonsesio ya migodi (maeneo waliyopewa wachimbaji), ambako ruhusa hutolewa na mwenye konsesio. Na ukitaka kufika maporomoko ya Lofoi, katika hifadhi ya Kundelungu iliyoanzishwa mwaka 1970, ruhusa ni ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi.

Mwisho, tazameni nyuma. Mtikisiko wa porini huipasua plaki kwenye matundu ya skurubu, nayo huanguka bila wewe kusikia. Wekeni kipande cha mpira nyuma yake, wosha pana (pete bapa ya chuma) mbele, na nati ya kujifunga. Nakala za karatasi zikae chini ya kiti ndani ya mfuko wa plastiki, na karatasi zenyewe zikae mwilini mwenu, kwenye mfuko usiopitisha maji, kwa sababu mvua za Novemba hazisubiri mtu afike nyumbani.