Tufungue kikopo cha rimoti tuone meno yanayoliendesha wimbi

Karibuni tena mafundi wenzangu, hapa Ngamiani, Tanga. Leo tunafungua kile kikopo cha miguu mitatu kilichomo kwenye rimoti za geti, cha megahezi 433.92. Ndani yake kuna kristali, na wimbi la mtetemo linalokimbia juu ya uso wake ndilo linaloshika masafa ya rimoti, yaani mitetemo mingapi kwa sekunde. Nishakichomoa kwenye bodi. Kuchomoa mnajua.

Kibane kwa koleo, halafu saga kwa tupa ule ukingo wa chini, kifuniko kinapokutana na kitako. Ukingo tu! Cha kwanza nilikikwanyua kwa bisibisi, kristali ikapasuka vipande viwili. Saga, zungusha, saga. Ukiona mstari umefunguka, weka tupa chini. Narudia, usitie bisibisi. Unga wa chuma upulize kwa pampu ya baiskeli, si kwa mdomo, mate yataharibu kila kitu. Pampu Tanga haikosekani.

Haya, kimefunguka. Hiki kibati kinachong'aa ndicho kwatsi, ile kristali yenyewe, na juu yake kuna... subirini. Kamera inagoma. Naona rangi rangi tu, kama dizeli juu ya maji pale bandarini.

Nilitaka kukikata kipande hiki cha video, lakini acha kibaki. Juu ya kwatsi wimbi hukimbia kama mita 3,150 kwa sekunde. Gawa kwa masafa yetu, unapata wimbi la mikromita 7.3. Jino moja la elektrodi, yaani kimstari cha chuma kilicholala juu ya kristali, ni robo ya hapo, mikromita 1.8. Hadubini yangu ya bei poa itayaonea wapi? Mistari imebanana hadi inachambua mwanga, ndizo hizo rangi.

Kwa hiyo nimefukua TV ya chogo. Chujio lake la masafa ya kati, linalopitisha mawimbi ya stesheni uliyochagua na kuzuia mengine, ni la kristali nyingine, lithiamu niobati, linafanya kazi kwenye megahezi thelathini na kitu, wimbi lake ni kama mikromita 100. Hapo sasa! Vitana viwili vya alumini vimeingiliana meno. Kimoja kikiwa chanya kingine hasi, uso wa kristali unavutwa na kusukumwa. Kutoka jino hadi jino la kitana kilekile ni urefu wa wimbi moja. Ukiyasogeza meno, umebadilisha masafa. Mtindo huu watafiti White na Voltmer waliutoa Marekani mwaka 1965.

Sogea uone: katikati meno yamepishana sana, pembeni kidogo tu. Hapo ndipo wamechonga ni masafa gani yapite na yapi yazuiwe. Na kila jino limepasuliwa mara mbili, mimi ndiyo ninayoipenda hii. Jino zima la robo wimbi hurudisha wimbi kidogo, na marejeo ya meno yote yanajumlishana, kwenye TV unaona picha ina kivuli. Ukilipasua, rejeo la nusu hii linaua la nusu ile.

Kwenye rimoti ni kinyume, marejeo ndiyo tunayoyataka. Pembeni ya vitana wamepanga mistari mamia kama kuta, wimbi linagonga huku linarudi kule. Waja leo waondoka leo? Hili haliondoki.

Mwisho, rimoti hii nimeifungua kikopo na bado inafanya kazi, taa ya mpokezi inawaka. Nachovya njiti kwenye mafuta ya nazi, nagusa uso wa kristali... imezima. Wimbi limenyonywa na mafuta.

Rimoti za geti ninazo dukani. Hizo sijazipaka mafuta.