Ukoo wa papaini, kutoka kwenye papai mpaka kwenye malale

Haya jamani, chai mmekunywa, tuanze. Enzaimu zinazokata protini ziko nyingi, nikizigusa zote tutalala hapa hapa Kampala, kwa hiyo nachukua ukoo mmoja tu, wa papaini.

Ule utomvu mweupe wa papai bichi mnaujua, ukikwaruza ganda unachuruzika, ukikaa nao vidoleni ngozi inawasha, na mama zetu wanaupaka kwenye nyama ngumu ilainike. Kazi hiyo ni ya papaini: amino asidi 212, yaani vile vipande vinavyojenga protini, zimejikunja zikawa mabonge mawili, katikati kuna mfereji, na protini inalala humo. Ukingo mmoja kuna sisteini, amino asidi yenye salfa, namba 25, ng'ambo kuna nyingine, histidini, namba 159. Histidini inaipokonya salfa ya sisteini haidrojeni yake, salfa ikibaki na chaji hasi inarukia kiungo cha protini inakivunja, nusu moja inaondoka, nusu nyingine inanasa kwenye salfa mpaka maji yaje yaiachilie.

Na sisi tunazo, zinaitwa katepsini. B na L ziko kwenye lisosomu, vile vifuko vya kumeng'enyea ndani ya seli, zinabomoa protini zilizochakaa. K ndo naipenda zaidi, inakula kolajeni, ile protini ya nyuzi, ya mfupa wa zamani ili mpya ujengwe, na mtu akizaliwa yake haifanyi kazi anakuwa mfupi, mifupa imeshindiliwa kabisa lakini inavunjika ovyo. Zote zinazaliwa na kipande cha ziada kimeziba mfereji, kinakatwa baadaye kwenye asidi, bila hivyo seli ingejila yenyewe.

Sasa nyie wa Busoga, kule mashariki ya Uganda: kimelea cha malale anachobeba mbung'o kina ya kwake, rodesaini, na cha malaria kina falsipaini za kukata himoglobini yetu, ile protini nyekundu ya damu, wapate kula. Utasema si tuzibe tu huo mfereji? Watu wanajaribu, ila wa kimelea na wa kwetu inafanana mno, tofauti iko zaidi kwenye kishimo kidogo jirani na salfa kinachochagua amino asidi gani iingie. Na hata ukilenga vizuri bado shida haiishi, kampuni ya dawa ya Merck walikuwa na dawa, odanacatib, ya kuzuia katepsini K kwa wenye mifupa dhaifu, kuvunjika kulipungua kweli, lakini hatari ya kiharusi ikapanda, 2016 wakaiacha. Ndo maana mtu akiniambia amepata kizuizi cha rodesaini, mimi namuuliza kwanza, na katepsini L ya mgonjwa je? Haya, maswali.