Asiye na uraia hushitakiwa wapi?

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Ninazungumza nanyi kutoka Malmö, Sweden, na leo ninamjibu mtazamaji wa Wete aliyeuliza: mtu asiye raia wa nchi yoyote akitenda kosa ugenini kisha akarudi anakoishi, ni mahakama ipi yenye uwezo wa kumhukumu?

Kwetu Pemba swali hili si geni. Wapo jamaa zetu waliovuka bahari zamani wakatia nanga Kwale na Kilifi, wakazaa na kujukuu huko, na mpaka Kenya ilipowatambua mwaka 2023, wengi wao walikuwa hawana uraia wa upande wowote. Tumchukue mvuvi wa Shimoni wa wakati ule, wa kubuni tu, aliyemjeruhi mtu Msumbiji akarejea kabla ya kukamatwa. Msumbiji ina haki ya kumshitaki kwa sababu kosa limetendeka katika ardhi yake, na hapo uraia hauulizwi. Mashaka huanza anapokuwa ameshaondoka, kwani nchi nyingi huwafuata watu wao nje kwa kigezo cha uraia. Kifungu cha 6 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania Bara, kwa mfano, kinazipa mahakama uwezo juu ya kosa alilotenda raia wa Tanzania nje ya nchi. Asiye raia hatajwi hapo.

Sheria ya huku Sweden humtaja raia pamoja na mgeni mwenye makazi hapa, kwa hiyo asiye na uraia hunaswa na makazi yake, ila kwa kawaida ni lazima tendo liwe kosa pia kule lilikotendeka. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2000 dhidi ya uhalifu wa kupangwa unaovuka mipaka, katika kifungu cha 15, nao unaziruhusu nchi kumshitaki mtu wa namna hiyo anayeishi kwao, unaruhusu, haulazimishi. Mimi naliona jambo hilo ni zuri, ingawa inakera kuona nchi inayomnyima mtu pasipoti ikimkumbuka siku ya pingu.

Tena nchi nyingi hukataa kumkabidhi raia wao kwa wageni, lakini mvuvi wetu hana ngao hiyo. Akipelekwa Msumbiji, hakuna balozi atakayemtembelea gerezani, na akimaliza kifungo, atarudishwa wapi?