Kutoka Idara ya Upishi hadi Ofisi ya Mkuu wa Chuo

Mwenyekiti wa bodi, wakufunzi wenzangu, wanafunzi, na akina mama mliofunga vibanda mapema pale soko la Kibuye ili mfike: hamjambo? Asanteni. Nimeombwa nieleze jinsi mwanamke anavyofika kuongoza chuo cha mjini kama hiki chetu. Nitaeleza, ila utoto wangu nitauruka, maana haukuwa na ajabu yoyote.

Nianze na 1901. Desemba ya mwaka huo reli ilifika hapa Kisumu, mji ukiitwa Port Florence. Mwaka huo huo, katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois kule Marekani, msimamizi wa shule ya upili, J. Stanley Brown, alikubaliana na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, kwamba masomo ya miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu yafundishwe papo hapo shuleni. Wanafunzi walikuwa sita. Nia ilikuwa kijana wa mji ule apate elimu ya juu akiwa bado analala kwao. Hapo ndipo Wamarekani wanapohesabu mwanzo wa vyuo vyao vya jamii vya umma, na chuo chenyewe kingalipo.

Sisi tulipita njia nyingine. Mwaka 1966 Baraza la Wakristo la Kenya, mama wa NCCK ya leo, yaani Baraza la Kitaifa la Makanisa, lilitoa ripoti kuhusu vijana waliomaliza shule ya msingi wakakosa pa kwenda, na vyuo vya ufundi vya vijijini vikaanza kuenea. Miaka ya 70 ikaja na harambee, zikainuka taasisi za ufundi kama Ramogi hapa Kisumu na ile ya Rift Valley kule Nakuru. Nyanya zetu walichanga katika harambee hizo. Wangapi kati yao walikanyaga darasa baada ya majengo kuisha? Tuendelee.

Mimi nilianza kama mkufunzi wa upishi. Wenzetu wa karakana walituita watu wa chapati, na hawakuwa wanatania. Ukitaka kupanda cheo ilikuwa heri uwe umetoka umeme, magari au ujenzi, kwa sababu idara hizo zilikuwa na mashine, na penye mashine ndipo bajeti iendapo. Mwanamke angekuwa mkuu wa idara ya ushonaji hadi astaafu, apewe saa ya ukutani na keki iliyookwa na wanafunzi wake mwenyewe.

Lakini watu wa chapati tulikuwa tunaona kitu ambacho ofisi kuu haikukiona. Wanafunzi wetu wengi walikuwa tayari wanauza chakula. Hawakuja kuuliza chapati hupikwaje. Mama mmoja wa mtaa wa Nyalenda aliuliza unga wa kilo mbili utoe chapati ngapi ndipo pesa ya mafuta na makaa irudi. Tulikaa naye na mizani, tukapima donge moja moja. Ukipunguza gramu chache mteja hajui. Ukizidisha anajua, anarudi kesho, na wewe mtaji unakwisha. Somo hilo halikuwemo katika mtaala.

Mama huyo alikuwa akichelewa kila siku. Kipindi kilianza saa nane mchana, na saa nane yeye anaosha sahani za wateja wa chamcha. Kitabu cha mahudhurio kilimwonyesha kama mtoro. Nilipoitazama ile ratiba vizuri nikaelewa kwamba saa za chuo zilipangwa kwa mtu ambaye kuna mwingine anayempikia.

Tukahamisha kipindi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Msidhani ilikuwa kuandika barua tu. Mlinzi alitaka kufunga lango saa kumi na mbili. Taa za njiani hazikuwaka. Usiku ukifika, nauli ya matatu za mtaa wa Kondele hupanda. Mkufunzi naye ana watoto. Tulibishana juu ya taa muhula mzima, na bado nasema kwamba taa mbili za nje zimeleta wanawake wengi chuoni kuliko mabango yote tuliyowahi kubandika.

Hiyo ndiyo kazi niliyoingia nayo kwenye usaili wa ukuu wa chuo. Mjumbe mmoja wa jopo, mtu mzima mwenye heshima zake, akaniuliza mzee wangu anasemaje kuhusu kazi ya kurudi nyumbani usiku. Nikamwambia mzee anajua hotipoti ilipo. Wengine walicheka, yeye akaandika kitu. Mwanamke kuongoza si jambo geni mjini hapa. Grace Onyango, mwalimu, alikuwa meya wa Kisumu kabla ya kuwa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Bungeni, 1969. Prof. Olive Mugenda akaja kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu cha umma Kenya, pale Kenyatta, 2006. Hesabuni wenyewe miaka iliyo katikati.

Nikiwa mkuu, kule karakana nilianza na choo. Jengo zima la ufundi lilikuwa na choo cha wanaume pekee; msichana avuke uwanja hadi utawala, akirudi somo limekwenda. Halafu glavu. Darasa la kuchomelea vyuma lilikuwa na glavu za ngozi za saizi moja. Kidole cha msichana kinaishia katikati, ncha inaning'inia tupu karibu na cheche, na mkufunzi anasema wasichana hawana mkono wa kazi. Tukanunua ndogo. Mishono yao ya chuma ikanyooka.

Sasa karo, maana najua ndiyo mliyoijia. Mpango wa serikali ulioanza 2018 uliweka karo ya vyuo vyetu kuwa shilingi 56,420 kwa mwaka. Serikali ilitoa 30,000 kwa kila aliyestahili, na 26,420 zilizobaki mwanafunzi aliweza kuomba mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi. Mpango ule uliwatoa vijana wengi nyumbani, siubezi hata kidogo. Ila uliandikwa ukimfikiria kijana aliyetoka kidato cha nne juzi. Muuza omena wa miaka 40 anayesoma jioni ana shilingi 200 leo, kesho hana, keshokutwa ana 500. Zamani kaunta ya uhasibu ingemrudisha aje na pesa za maana. Akiondoka nazo zinaliwa, si kwa ubaya, mtoto ameugua au jirani amefiwa. Niliagiza kiasi chochote kipokelewe kwa simu, na jina lake lisitolewe kwenye orodha ya mtihani mpaka tuketi naye. Mhasibu alininunia wiki kadhaa kwa wingi wa risiti. Mhasibu yuko hapa, anacheka, kwa hiyo yameisha.

Nafasi ya naibu wa masomo itatangazwa. Wanawake wa ushonaji, ususi na upishi, ombeni. Msiandike kwenye barua kwamba mmefundisha tu. Andikeni mmesimamia stoo, mmenunua bidhaa, mmepanga zamu, mmebeba wanafunzi wasio na karo hadi mtihani. Jopo husoma kilichoandikwa, halisomi unyenyekevu.

Haya, maswali. Yule mama wa nyuma mwenye leso ya kijani amenyoosha mkono tangu nilipotaja HELB. Mpeni kipaza sauti.