Vikombe vitatu vya chai: nyakati zilizopita za Kifaransa

Ndugu zangu, nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa mwanafunzi niliandika insha kuhusu marehemu babu yangu, nikaimaliza kwa "il mourait". Nilitaka kusema alifariki. Daftari likarudi na maneno ya wino mwekundu pembeni: "Halafu akapona?" Maana "il mourait" ni alikuwa akikata roho, mauti yenyewe bado. Nilipaswa kuandika "il est mort".

Kosa lile lilitoka kwenye -li- yetu. Tunatafuta mwenzake katika Kifaransa, tunakutana na imparfait, neno moja tu lisilo na kitenzi kisaidizi, tunaling'ang'ania. Tazameni ubaoni:

"Quand je suis arrivé, elle préparait le thé." Nilipofika, alikuwa akiandaa chai. Maji yanachemka, mimi nimeingia katikati ya shughuli. Hiyo "préparait" ndiyo imparfait.

"Quand je suis arrivé, elle a préparé le thé." Nilipofika, akaandaa chai. Hapa birika limetelekwa kwa ajili yangu. Hiyo ni passé composé.

"Quand je suis arrivé, elle avait préparé le thé." Alikuwa ameshaandaa. Chai imo kwenye chupa, pengine imeanza kupoa. Hiyo wanaiita plus-que-parfait.

Mnaona? -Ki-, -ka- na -mesha- tunazo tangu utotoni. Kabla ya kuandika, jaribu "nilikuwa niki-". Sentensi ikikubali bila kupotosha maana, weka imparfait. "Nilijua" nayo uichunguze: kama ulikuwa unajua siku zote, "je savais", kama ndipo ulipopata habari, "j'ai su".

Ila msidanganywe na umbo. Passé composé inafanana na -me-, lakini "il est arrivé" ni amefika, na ni alifika vilevile. Kwa hajafika, Mfaransa huongeza "encore": "il n'est pas encore arrivé". Bila neno hilo, mara nyingi ni hakufika.

Passé simple sitakawia nayo. "Il alla, il vit, il revint": akaenda, akaona, akarudi. Ni -ka- ya vitabuni. Yetu inasikika hadi sokoni. Yao siku hizi karibu haizungumzwi. Ukimwambia muuza mkate wa Paris "j'arrivai hier", atakutazama mara mbili. Itambueni mnaposoma, inatosha.

Kuna aliyeuliza hapa mbele: je, "nilikuwa mgonjwa"? Hapo, dada yangu, Kiswahili hakitusaidii. Ukisimulia hali uliyokuwa nayo simu ilipolia, "j'étais malade". Ukisema uliugua siku 3 na zimekwisha, "j'ai été malade pendant trois jours". Mimi mwenyewe bado husita kidogo kabla ya kuchagua.